Kabla hujanunua mashine ya kulainisha maji

Tuanze na kosa linalowagharimu wengi: maji ya chumvi na maji magumu si kitu kimoja. Ya chumvi utayajua kwa ulimi. Magumu yana kalsiamu na magnesiamu nyingi; kinywani huenda usione tofauti, ila sabuni inagoma kutoa povu na birika linaota ukoko mweupe. Mashine hii inatibu ugumu peke yake. Ukiinunua ili uondoe ladha ya chumvi, pesa imekwenda.

Kwa hiyo pima kwanza. Tia maji nusu chupa, kwangulia humo sabuni ya mche kidogo, tikisa. Yakibaki na ukungu na mabonge meupe badala ya povu, ni magumu. Kisha tafuta namba kwa vijikaratasi vya kupimia: zaidi ya miligramu 180 kwa lita ni magumu sana. Chini ya 120 mimi nisingenunua chochote. Siki inatosha kung'oa ukoko wa birika.

Chaguo langu la kwanza ni mashine ya resini yenye mita. Ndani yake kuna chembechembe za plastiki zinazonasa kalsiamu na kuachia sodiamu. Zikishiba, huoshwa kwa maji ya chumvi kutoka kwenye tangi lake. Mita huhesabu lita mlizotumia, hivyo mashine haijioshi mpaka kuwe na haja. Ya pili ni hiyohiyo inayoendeshwa na saa. Ni rahisi zaidi, lakini mkisafiri wiki nzima itaendelea kujiosha kwa ratiba yake, ikila chumvi katika nyumba tupu.

Ukubwa usiachie muuzaji akukisie. Watu wanne wakitumia lita 600 kwa siku, na ugumu ni 300, ni gramu 180 za kunaswa kila siku. Lita 25 za resini zitawafikisha kama wiki moja kabla ya kuoshwa.

Zile zisizotumia chumvi naziweka nafasi ya tatu. Zilizo nzuri hupunguza ukoko kushika kwenye mabomba, ila kalsiamu inabaki majini, na sabuni itaendelea kugoma. Mtambo wa osmosisi, unaosukuma maji yapite kwenye utando mwembamba sana, huondoa ugumu na chumvi pia, lakini ni wa bomba la kunywa tu, na humwaga maji mengi. Sumaku za kufunga kwenye bomba? Ushahidi wake ni hafifu mno. Pita.

Kama maji yenu yanaacha doa la kutu kwenye sinki, tanguliza chujio la kuondoa chuma majini, la sivyo resini itaziba mapema. Na mwambie fundi aliache bomba la baridi la jikoni lipite nje ya mashine: maji ya ugumu wa 300 yakilainishwa huongezeka takriban miligramu 138 za sodiamu kwa lita, na mwenye shinikizo la damu hazihitaji.