Kaunta ya Geiger au kipima cha fuwele kwa mionzi asilia ya Dar?

Mionzi asilia ni kidogo, mara nyingi karibu mikrosievati (kizio cha dozi ya mionzi) 0.1 kwa saa, na hapo ndipo kaunta ya Geiger, mrija wa gesi unaohesabu mionzi, inapopata shida. Mrija wa SBM-20, aina moja ya mrija wa Geiger, hupata mapigo (mionzi iliyonaswa) 20 hivi kwa dakika. Kosa la takwimu ni kipeuo cha pili cha idadi hiyo, yaani 4 au 5, zaidi ya asilimia 20. Anayekatiza Kariakoo huku akisoma skrini kila baada ya hatua chache anasoma bahati tu. Iweke mita moja juu ya ardhi kwa dakika 20. Mapigo yakifika 400, kosa hushuka hadi asilimia 5.

Fuwele ya sesiamu ayodaidi, inayotoa mwanga ikipigwa na mionzi, yenye ujazo wa sentimita moja ya ujazo hupata mapigo kadhaa kwa sekunde, hivyo dakika moja au mbili hutosha kutofautisha sakafu ya granaiti na mchanga wa Msasani. Tena huonyesha nishati ya mionzi kwa grafu: kilele cha keV 1,461 (keV ni kizio cha nishati) ni potasiamu-40, aina ya potasiamu yenye mionzi. Lakini haipendi joto la ghafla. Ukiitoa kwenye kiyoyozi kwenda juani, vilele husogea. Ipe nusu saa. Ya sodiamu ayodaidi hunyonya unyevu, na muhuri wake ukivuja katika hewa ya pwani fuwele hugeuka manjano na kufifia. Ukinunua iliyotumika, ikague kwanza.

Geiger ni rahisi kwa bei na hunasa beta (elektroni zinazotoka kwenye atomi) pia. Kwa kupima mtaa kwa mtaa, chukua sesiamu.