Muongoza okestra kijana: akasome au akashindane?
Hili swali haliishi. Chuo cha muziki, mfano Sibelius Academy ya Helsinki, Finland, kinakupa kitu adimu kuliko vyote, wanamuziki halisi wa kufanyia mazoezi, mzee Jorma Panula, mwalimu wa uongozaji hapo, alikuwa anawarekodi wanafunzi video halafu wanajionea wenyewe mkono unapochelewesha mdundo, huko ndo alikopita muongozaji Klaus Mäkelä na 2020 akashika okestra ya Oslo Philharmonic, Norway, akiwa na miaka 24. Ila inakula miaka, na kodi ya nyumba Helsinki si mchezo. Shindano ni fasta, Gustavo Dudamel kashinda shindano la waongozaji la Bamberg, Ujerumani, 2004, na 2009 akashika okestra ya Los Angeles Philharmonic, lakini jamani yule tangu 1999 alikuwa anaongoza okestra ya vijana Venezuela! Kama huna okestra ya kujifunzia, nenda chuo. Unayo tayari? Kashindane.