Mkono wa plastiki ulionipunguzia tabu ya neno "mshipa"

Haipiti siku katika chumba changu hapa Majengo, Mombasa, bila mtu kuingia na kuniambia, "Daktari, mshipa umenikaza." Mimi ni mtu wa fiziotherapia, si daktari, lakini hilo nimeshaacha kulisahihisha. Kinachonipa kazi ni huo mshipa. Kwetu pwani mshipa ni wa damu, mshipa ni wa fahamu, na kano nazo watu huziita mishipa. Ukimwambia mzee wa watu ana shida ya mshipa bila kumfafanulia, atainamisha uso akidhani unamtajia busha. Katika nusu saa niliyonayo na mgonjwa, dakika kumi zilikuwa zikiishia kwenye neno hilo moja.

Ndiyo sababu mwezi wa Januari nikanunua mkono wa plastiki wa kufundishia, ukubwa wa mkono wa mtu mzima, kuanzia pingili za shingo hadi ncha za vidole. Duka ni la vifaa vya hospitali, kwenye kichochoro nyuma ya Digo Road. Walianza na shilingi 14,000, tukakubaliana 11,500 pamoja na kuletewa. Nimeutumia miezi minane, kwa hiyo ninayoyasema hapa nimeyaona kwa macho yangu.

Kwanza rangi. Mishipa ya damu inayotoka moyoni ni myekundu, inayorudi ni ya buluu, kano ni nyeupe, na neva zote, yaani mishipa ya fahamu, ni za manjano. Misuli imeshikwa kwa sumaku, unaibandua mmoja mmoja. Mgonjwa anapoiona ile manjano ikishuka peke yake kutoka shingoni, ikapita kwapani, ikafika hadi kidoleni, haniulizi tena kama damu imeganda.

Shingoni na kwapani ndipo nilipoupendea. Pale dukani nilimweka kijana wa watu akinisubiri huku nahesabu. Mizizi mitano, kuanzia neva ya tano ya shingo hadi ya kwanza ya kifua. Ikaungana kuwa vigogo vitatu, kila kigogo kikagawanyika mara mbili, yale matawi sita yakasukwa upya kuwa kamba tatu, na mwisho zikatoka neva tano kubwa za mkono. Yote yapo. Marehemu mama yangu alikuwa akisuka ukili wa mikeka, na tangu chuoni msuko huu sikuuelewa vitabuni mpaka nilipoufikiria kwa vidole vyake: miyaa inaachana, inakutana na mingine, na kila mwaa ukiufuata utajua umetoka wapi. Kwa mkono huu sasa naweza kumwonesha mwanafunzi kwa nini mtu aliyeanguka na pikipiki, shingo ikavutwa upande mmoja na bega upande mwingine, hushindwa kuinua bega ilhali vidole vyake vinacheza. Iliyong'oka ni mizizi ya juu, ya chini imesalimika.

Hata neva ya nane ya shingo wameiweka mahali pake. Pingili za shingo ni 7 lakini neva zake ni 8, kwa kuwa ya kwanza hutokea juu ya pingili ya kwanza na ya nane hutokea chini ya pingili ya saba. Bango langu la zamani lilikuwa limekosea hapo, nami nilifundishia kosa hilo miaka miwili. Bado linaniuma.

Kisugudini, yaani kwenye kiwiko, ni pazuri pia. Neva ya ulna inapita nyuma ya kile kifundo cha ndani, juu ya mfupa, chini ya ngozi tu. Nina mshona kanzu wa Mji wa Kale ambaye kidole chake kidogo na nusu ya kidole cha pete vilikuwa vimekufa ganzi. Alikuwa amekunywa kila dawa ya baridi aliyoambiwa. Nikamshikisha ile manjano kwa kidole, kisha nikamshikisha kisugudi chake mwenyewe. Akanyamaza, halafu akasema, "Mwanangu, hapa ndipo ninapoegemea mezani toka asubuhi." Sikuhitaji kuongeza neno. Alikwenda akaizungushia ncha ya meza yake mto wa sufi.

Sasa makosa, na la kwanza ni kubwa. Kwenye kifundo cha mkono kuna njia nyembamba, chini yake mifupa na juu yake utepe mgumu. Humo hupita kano 9 na neva ya mediani. Mama anayekanda unga wa mahamri alfajiri, kifundo kikiwa kimekunjwa, huibana neva hiyo. Usiku huamka akikung'uta mkono, kidole gumba, cha shahada na cha kati vikichoma kama sindano. Lakini ngozi ya katikati ya kiganja huwa haina ganzi, kwa kuwa tawi lake hujitenga kabla ya kufika pale na kupita juu ya utepe. Kwangu hiyo ni alama muhimu: kiganja nacho kikiwa na ganzi, naanza kutafuta mbano juu zaidi. Tawi hilo kwenye mkono huu halipo kabisa. Nimelichora mwenyewe kwa rangi ya kucha ya njano. Na zile kano 9 wamezifanya 4. Kwa bei ile, hapana.

Kijitabu kina namba na majina kwa Kiingereza na Kichina tu, nikabandika vikaratasi vyangu vya Kiswahili. Rangi ya vidole imeanza kubanduka. Nadhani ni joto na unyevu wetu, basi msiuweke karibu na dirisha. Kigingi cha kusimamishia kilifika kimepasuka. Nikapiga simu mara mbili, na siku ya tisa wakaniletea kingine bila kunidai. Hilo nawashukuru.

Matumizi ninayoyathamini kuliko yote hayamo kijitabuni. Alikuja kijana mpaa samaki, kisu kilimkata neva kifundoni, ikashonwa hospitali. Wiki ya tatu alikuwa ameshakata tamaa. Nikachukua rula, nikapima kwenye plastiki kutoka kifundoni hadi ncha ya kidole: sentimita 18. Neva iliyoshonwa huota kwa kadiri ya milimita 1 kwa siku. Tukapiga hesabu pamoja, siku 180, na hapo bado zile za mwanzo kabla haijaanza kuota. Akaiandika tarehe kwenye simu yake. Tangu siku ile hajakosa zoezi.

Dukani wameniambia miguu ya plastiki iko njiani. Nimeomba niwekewe mmoja, ila nitauangalia kwanza pale neva inapozunguka shingo ya ule mfupa mwembamba wa nje, chini ya goti, mahali inapobanwa mtu akikaa mguu juu ya mguu saa nyingi mpaka wayo ukaanguka, asiweze kuuinua. Ikiwa haionekani pale, wabaki nao.