Metal Gear Rising: Revengeance: upanga mkali, kamera butu

Kama hujui kupangua, yaani kulikinga pigo la adui kwa upanga wako, gemu hii hujaicheza bado, hata kama umeimaliza. Naanzia hapo kwa sababu wengi wanaoiponda, ukiwasikiliza vizuri, wanalalamikia kitu kimoja tu ambacho gemu yenyewe inakifafanua juujuu na kukuacha uhangaike.

Ilitoka Februari 2013 kwa PlayStation 3 na Xbox 360, kisha Januari 2014 ikaja ya kompyuta. Konami ndio wachapishaji, lakini mkono ni wa watengenezaji PlatinumGames, na unaujua tangu sura ya kwanza: bosi (adui mkuu) wa kufungulia ni roboti kubwa kama ghorofa, na Raiden, mhusika unayemwendesha, ana upanga tu. Vitufe nitakavyovitaja ni vya pedi ya PlayStation.

Hakuna kitufe cha kujikinga. Unachopewa ni kupangua: unasukuma kijiti cha kushoto kuelekea kwa adui na kubonyeza mraba kwa pamoja. Sentensi moja, lakini mitego ni mingi. Kwanza, ukiwa umekishikilia kijiti mbele muda wote huku unapiga mraba, unachotoa ni shambulizi tu. Kiache kirudi katikati, halafu kisukume upya kwa pigo la ghafla. Pili, ukishaanza pigo zito la pembetatu, umejifunga. Upanga wa adui utakukuta katikati ya mbwembwe zako. Ndiyo maana wanaobonyeza pembetatu ovyo hufa haraka. Tatu ni wakati. Ukipangua mapema unazuia tu. Ukingoja hadi chuma kinakaribia kukugusa, Raiden anapangua na kujibu papo hapo, na adui anayumba.

Rangi ndizo zinazokuongoza. Mmweko mwekundu maana yake pangua. Mmweko wa njano maana yake pigo hilo halipanguliki, hasa mikamato ya majitu yenye umbo la sokwe, kwa hiyo ondoka. Lakini kuondoka nako kuna bei: mbinu ya kukwepa, Defensive Offense, hupewi mwanzoni, unainunua kwa alama zako. Inunue kabla ya kuongeza nguvu za upanga au kitu kingine chochote. Ni mraba na msalaba kwa pamoja, ukielekeza kijiti unakotaka kuchomokea. Mbinu ya lazima kama hii kufichwa dukani ni uamuzi ambao sijaupatia sababu.

Mahali pa kujifunzia ni sura ya R-01, kwa Blade Wolf, yule mbwa wa chuma mwenye mkia wa msumeno. Usimshambulie. Simama, mwache aje, pangua tu. Ukifikisha mapigo kumi bila kuguswa, anza kujibu. Asiyejifunza hapo ataona cha moto kwa bosi Monsoon katika R-03.

Sasa kamera, na hapa ndipo udhaifu unapouma, kwa sababu unagusa kilekile kilicho kizuri. Kijiti unakielekeza kwa adui jinsi anavyoonekana kwenye skrini, siyo jinsi Raiden alivyogeuka. Ukibanwa kwenye kona, kamera inagonga ukuta na kuzunguka, aliyekuwa kulia kwako anakuwa kushoto, na kidole kinasukuma upande ambao hakuna mtu. Umepangua hewa. Ukiwa na maadui watano, mmoja akiwa nyuma ya kamera na kombora, hata mmweko wake mwekundu huuoni. Kumfungia adui mmoja kwenye shabaha kunasaidia kwa mabosi, lakini kwenye kundi kunakupofusha kwa wengine. Dawa yangu ni tatu: pigania katikati ya uwanja, rekebisha kamera kwa kijiti cha kulia kila baada ya kupangua, na wamalize wenye makombora kwanza. Hizi ni dawa za kutuliza tu, haziponyi.

Ukishavuka hapo, raha inaanza. Shikilia L1 na dunia inapungua mwendo. Kijiti cha kulia kinaamua upanga upite kwa pembe gani. Viungo vya adui vikigeuka bluu ujue kinga zake za mwili zimelegea na zinakatika. Kisha tafuta kimraba chekundu kifuani, kipitishie mstari wa upanga, bonyeza duara, na Raiden anachomoa uti wa mgongo unaong'aa na kuuponda mkononi. Wanaita zandatsu, kata na upore. Inajaza afya na nishati palepale. Kwa hiyo mwache askari mmoja dhaifu akiwa hai. Huyo ndiye duka lako la dawa. Angalizo: mwendo wa polepole unakula nishati, na mita ya nishati isipokuwa bluu utakata kwa kasi ya kawaida, ambapo kulenga kimraba hicho ni bahati nasibu. Pia hakikisha kopo la nanopaste, dawa ya kurudisha afya, limechaguliwa kwenye vifaa. Likiwa limechaguliwa, afya ikiisha linatumika lenyewe. Likiwa begini tu, unakufa nalo.

Muziki umefungamana na mapigano: bosi akikaribia mwisho, sauti ya mwimbaji huingia, na mikono inaongeza kasi bila kuambiwa.

Mabomu na makombora ya Raiden yanavunja mwendo, nayatumia pale tu ninapolazimika. Kunyemelea kumewekwa kwa heshima ya jina la Metal Gear, mfululizo wa gemu za kujificha. Unaweza kujificha ndani ya boksi, lakini maadui ni vipofu kiasi kwamba hakuna msisimko. Mazungumzo ya redio yanayokulazimisha utembee taratibu yanachosha ukiyasikia mara ya pili.

Sura ni nane, R-00 hadi R-07, na kwa mwendo wa kawaida ni saa sita hivi. Fupi, lakini ugumu wa Very Hard na Revengeance unabadilisha gemu. Kwenye Revengeance unauawa kwa mapigo machache, ila pigo la kujibu baada ya kupangua barabara linakata vipande vikubwa vya afya ya bosi, hivyo mpanguaji stadi anawamaliza mabosi haraka kuliko kwenye Normal. Vikundi vya askari ndivyo vinavyomtesa, na sababu ni ileile, kamera.

Ukiwa na nafasi ya kuchagua, chukua ya kompyuta: sura za ziada za Sam, mpinzani wa Raiden, na za Blade Wolf zimo ndani tayari. Ichezee kwa pedi, kwani kuelekeza pembe za upanga kwa kijiti ni rahisi mno. Sura ya Sam iache hadi umalize hadithi kuu, kwani inaanza ikikuhesabu kuwa kupangua unajua.