Uzoefu wangu: kisu cha kijeshi cha kale nilichonunua Mji Mkongwe

Mwaka jana nilinunua kisu cha kijeshi cha Kiingereza katika duka moja la vitu vya kale hapa Mji Mkongwe, kwa shilingi 350,000, na haikupita wiki nikajua kwamba nimeuziwa cha kuigiza. Nayaandika haya kwa ajili ya wenzangu wanaopenda silaha za zamani, hasa wale ambao kama mimi wamekulia katika nyumba yenye jambia ukutani, wakadhani kwamba jicho lililozoea fedha ya ala linatosha kuhukumu kila chenye makali.

Halitoshi. Jambia la Kimanga hutazamwa mpini, ala na kazi ya sonara. Bapa lake mara nyingi halina neno hata moja, na likibadilishwa hakuna anayeshangaa. Kisu cha kijeshi kilichoandikwa kwa tindikali ni kinyume chake, kwa kuwa sehemu kubwa ya bei imo katika yale maandishi ya kwenye bapa, na mwenye kutaka kudanganya huanzia hapo hapo.

Nilichoonyeshwa kilidaiwa kuwa Fairbairn-Sykes, kisu cha makomando wa Uingereza kilichobuniwa na William Fairbairn na Eric Sykes, watu waliowahi kufanya kazi na polisi wa Shanghai, na kilichoanza kutengenezwa na kampuni ya Wilkinson Sword ya London mwaka 1941. Toleo la kwanza lina kinga ya mkono iliyopinda mithili ya herufi S, na bapa linapokutana na kinga hiyo pameachwa kijisehemu cha mraba kisicho na makali, ambapo upande mmoja huandikwa jina la kampuni na upande wa pili jina la kisu. Toleo la tatu, lililotoka mwaka 1943, lina kinga iliyonyooka na mpini wa aloi uliozungukwa na mikato kama pete. Changu kilikuwa na kinga ya S na mpini wa pete, yaani kichwa cha huyu na miguu ya yule. Lau ningalisoma kabla ya kulipa, ningekunywa kahawa ya muuzaji, nikashukuru, nikaondoka.

Kahawa yenyewe, niseme kweli, ilikuwa nzuri, na muuzaji ni mtu mpole. Alinieleza kwamba kisu kiliachwa na ofisa wa Kiingereza aliyefunga virago mwaka 1963, Unguja ilipopata uhuru. Kwa kuwa mwaka huo naujua, nilijikuta nakiamini na kisu.

Aliyenizindua ni sonara mmoja wa Mkunazini, mzee ambaye nilimpelekea ala ili aishone upya. Alichukua kioo chake cha kukuzia mara kumi, akaligeuza bapa polepole kwenye mwanga wa mlangoni, kisha akaniambia: "Mwanangu, kisu kina umri kidogo, lakini herufi hazina."

"Umejuaje, Ami?"

Akanipa kioo nitazame mwenyewe. Bapa lilikuwa na mikwaruzo mingi ya kunolewa na kufutwa, na kila mkwaruzo uliofika kwenye herufi ulikatika ukingoni mwake, ukaanza tena upande wa pili, huku ndani ya herufi chuma kikiwa safi kabisa. Maana yake ni kwamba mikwaruzo ilitangulia na herufi zikaja baadaye. Herufi za asili huchakaa pamoja na bapa lao: kingo zake hulainika, mikwaruzo hupita juu yake, na vitundu vya kutu hushuka mpaka ndani. Kisha akanionyesha sakafu ya herufi. Fundi wa zamani alilifunika bapa kwa nta au rangi inayozuia tindikali, akaacha wazi mahali pa maandishi tu, na tindikali ikila chuma huacha sakafu yenye chembechembe, kama mchanga uliolowa. Changu kilikuwa na mistari myembamba iliyopangana sambamba, alama ya mashine ya leza.

Weusi uliojaa ndani ya herufi, ambao niliusifu dukani kuwa ni wa miaka, ulitoka wote kwenye kipande cha pamba chenye mafuta ya taa. Ilikuwa rangi ya viatu.

Nilikirudisha. Muuzaji hakugomba, ila alinionyesha nakala ya risiti, nayo ilisema "kisu cha zamani 1" na bei, basi. Hakuna jina la mtengenezaji, hakuna mwaka, hakuna neno "halisi". Alinirudishia shilingi 100,000 kwa hisani, na kisu nikabaki nacho. Kwa ukarimu duka lile nalipa nyota nne kati ya tano. Kwa bidhaa, moja, na hiyo moja ni ya chuma chenyewe, ambacho si kibaya.

Tangu hapo nimebeba kioo changu mwenyewe, nilichonunua kwa bei ndogo kuliko chakula cha mchana cha hotelini. Miezi miwili iliyopita, katika duka jingine, niliwekewa mezani jambia la Kijerumani lenye jina la mji wa Solingen na kaulimbiu iliyoandikwa bapa zima, aina ambayo huigizwa kupita kiasi. Niliomba kulitoa dukani mpaka kwenye mwanga wa jua, nikaomba pia risiti itakayotaja mtengenezaji na kipindi. La kwanza nilikubaliwa. La pili muuzaji alicheka, akalirudisha jambia kabatini.

Kisu changu sasa kipo kwa sonara. Akiletewa silaha yenye maandishi hukilaza kando yake, akampa mteja kioo, kisha akanyamaza.