Nimemaliza kozi ya matamshi ya Kiingereza mtandaoni: inafaa kulipiwa?

Haya, karibuni tena. Leo si simu wala spika. Nachambua kozi ya kulipia ya matamshi ya Kiingereza, kwa sisi ambao hatukuzaliwa nacho. Wiki 8, video 40. Jina lake naliacha, maana nina la kuwalalamikia.

Nianze na palipo patamu: somo la mkazo. Kwenye Kiswahili hatuhangaiki, mkazo unakaa silabi ya pili kutoka mwisho. Sema kitabu, uko kwenye ta. Sema kitabuni, umehamia bu. Humuulizi mtu. Sasa njoo Kiingereza. Photograph, mkazo uko mwanzoni. Photographer, umerukia silabi ya pili. Photographic, ya tatu! Na kila ukihama, irabu zinazobaki bila mkazo zinafifia, nyingi zinageuka kile kisauti kivivu cha katikati ya mdomo kinachoitwa shwa. Hiyo ndiyo irabu inayosikika mara nyingi kuliko zote katika Kiingereza, na kwenye alfabeti haina herufi yake. Mimi miaka yote nilikuwa natamka banana kwa a tatu zilizoshiba. Kumbe ya katikati tu ndiyo inayoshiba, za pembeni zinamezwa. Ile video niliirudia mara sita.

Somo la th, rukeni. Video nne nzima za kuweka ulimi kwenye meno! Mtu anayesema thamani na dhahabu sauti hizo anazo zote mbili. Hapo ndipo unaona kozi imeshonwa kwa kipimo kimoja kwa dunia nzima. Tunachokihitaji sisi, yaani kutenganisha bad, bud na bird, ambazo mdomoni mwangu zote zilikuwa a moja, kimepewa dakika saba. Na ule ugonjwa wa kubandika irabu mwishoni, desk ikawa deski, hawakuugusa.

Sasa lalamiko lenyewe. Kuna programu ya kukupa alama: unasoma neno, inakupima. Nikasema sheep, ikanipa 92. Nikasema ship makusudi, huku skrini bado inaonyesha sheep. Ikanipa 90. Unanipongeza kwa kosa?

Kilichonisaidia ni mtu. Unarekodi sauti, unamtumia mwalimu, anakujibu kwa sauti baada ya siku mbili. Mara ya kwanza aliniambia p yangu haina pumzi. Fanyeni nami hapo mlipo: shika kipande cha karatasi karibu na midomo, sema pin. Karatasi itikisike. Sasa sema spin. Itulie. Pin, spin. Mimi yangu ilikuwa imetulia kote kote, na hakuna video hata moja kati ya zile 40 iliyoweza kuniambia hivyo, kwa sababu video hainisikii.

Lakini huyo mwalimu unampata mara nne tu kozi nzima, tena kwenye kifurushi cha juu. Kile cha chini hakina mwalimu, kina programu ya alama peke yake. Cha chini msinunue. Cha juu nunueni, ila zile nafasi nne msizimalize wiki ya kwanza kama mimi nilivyotaka kufanya.

Sikilizeni sauti yangu ya wiki ya kwanza, halafu nitawawekea ya wiki ya nane. Sheep bado inachechemea, nakubali.