Jaribio la Uwezo: nimempima binti yangu nyumbani, nyota 4 kati ya 5

Jamani wazazi wenye watoto wa la pili mpaka la nne, hii inawahusu. Binti yangu yuko la tatu, ripoti ya muhula ikaja Kiswahili 84, A, nikafurahi mpaka nikamnunulia viatu. Sasa binamu yangu aliwahi kujitolea kupima watoto na Uwezo, mradi ulioanzia shirika la Twaweza wa kupita kaya kwa kaya kuona kama watoto wanajua kusoma na kuhesabu, akaja na karatasi zake akamkalisha mkekani. Aya alisoma, kwa kujivuta ila alisoma. Hadithi akakwama sentensi ya pili akaanza kuniangalia usoni, na maswali ya mwisho hakujibu hata moja. Na hiyo hadithi ni ya kiwango cha darasa la pili!

Nilichokipenda ni kwamba lengo limesemwa wazi hata bibi kijijini anaelewa: aliyemaliza la pili asome hadithi fupi na aelewe alichosoma. Ngazi ni silabi, neno, aya, hadithi, unaona kwa macho yako mtoto kasimama wapi. Ile 84 ilikuwa inaniambia nini? Nilienda shule kuomba kuuona mtihani, mwalimu akanionyesha bila hiyana, kumbe ni kuchagua a, b, c na kujaza nafasi, mengi yametoka kwenye mazoezi waliyonakili ubaoni, kwahiyo mwenye kumbukumbu nzuri anapasua tu. Mwalimu simlaumu kabisa, ana watoto tisini, akisema amsikilize kila mmoja anasoma kwa sauti atamaliza lini?

Wazo lilitoka India, kwenye ASER, upimaji kama huu wa shirika la Pratham ulioanza 2005, huku kwetu Tanzania na Kenya na Uganda Uwezo ikaanza 2009. Wanapimia nyumbani makusudi, ili hata aliyeacha shule naye apimwe, maana ukipimia darasani huyo humuoni.

Kasoro zipo. Tunaimba KKK (kusoma, kuandika, kuhesabu) kila siku lakini humu kuna kusoma na kuhesabu, kuandika hakumo, hapo ndo nimekata nyota moja. Pia dari yake ni la pili, kaka yake wa la sita alimaliza yote dakika chache na sikujua chochote kipya kuhusu yeye. Halafu msirudie karatasi ileile kama nilivyofanya mimi, baada ya wiki mbili hadithi alikuwa kaikariri, ndo maana wapimaji wanatembea na seti kadhaa.

Sasa hivi kila jioni tukishakula anasoma ukurasa mmoja kwa sauti afu anafunika kitabu ananisimulia. Jana kasimulia mpaka kipande ambacho mimi nilikuwa nimeshakisahau, ikabidi tufungue tena kitabu tuhakikishe, na kweli kilikuwemo.